Wa Kenya Amekosa, wa Uganda Amepata

Nyumba yetu ya Malaba ina mbele na nyuma kama nyumba nyingine zote, ila mbele yake iko Kenya kabisa na nyuma yake bado haijaamua. Mbele kuna kibanda cha mama, kinachotazama barabara ambako malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka. Nyuma kuna chumba cha kupangisha, kamba ya kuanika nguo, choo, kisha migomba michache inayoteremka kuelekea mtoni. Ng'ambo ya mto ni Uganda. Mnara wao wa simu unauona vizuri ukisimama mlangoni pa choo, na kwa sababu hiyo choo chetu kina mtandao wa kasi kuliko sebule za watu wengi wanaojiita wa mjini.

Kwetu mtu mzima ana laini mbili ndani ya simu moja. Hakuna anayeona ajabu, kama vile hakuna anayeona ajabu kuwa na viatu vya matope na viatu vya kanisani. Laini ya Kenya ni ya kupokea pesa na kupigiwa na ndugu. Laini ya Uganda ni ya bando, kwa sababu bando lao linakaa, na kwa sababu ukifika nyuma ya nyumba laini yetu inalegea. Simu yangu niliipanga ijiamulie yenyewe, ikiona laini moja imechoka ihamie nyingine. Sikuwahi kufikiri kwamba huko ni kuvuka mpaka. Simu za mtaa mzima zilikuwa zikivuka kutwa kucha na hakuna askari aliyezisimamisha.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nikisomea sayansi, na somo moja lilikuwa limeniangusha chini puu: kemia ya joto na nishati. Nilipewa nafasi ya kulirudia. Kanuni ilikuwa fupi na haikuwa na huruma, kwamba ukianguka tena unafunga virago. Mwaka huo chuo kikaamua wanaorudia wajisomee wenyewe mtandaoni, kila mtu alipo. Nikarudi nyumbani na simu yangu, na mama akaitangazia foleni nzima ya malori kwamba binti yake anasoma chuo kikuu kutokea jikoni. Neno kurudia hakulitaja. Mimi nani nimsahihishe mama yangu mbele ya wateja.

Mfumo wenyewe wa kujisomea ulikuwa na adabu kupita kiasi. Kulikuwa na maabara ya kuigiza, unapasha maji moto kwa kidole juu ya kioo cha simu, na ukikosea chombo kinapasuka bila sauti, halafu maandishi yanakuomba ujaribu tena ukiwa tayari. Kwenye maabara ya kweli, chombo kama hicho ningepasua mara moja tu na fundi wa maabara angenisindikiza hadi getini. Kulikuwa na roboti la kujibu maswali, nalo lilisifu kila kitu. Niliwahi kuliuliza kitufe cha kurudi nyuma kiko wapi, likaniambia hilo ni swali zuri sana. Na kulikuwa na kijimoto kilichowaka pembeni mwa jina lako kwa kila siku uliyosoma bila kukosa. Mwenzangu mmoja wa Busia kijimoto chake hakikuzimika muhula mzima, nikamwonea wivu hadi nikakonda, ndipo nikasikia kwamba akisafiri humwachia dada yake simu ambonyezee.

Lakini kwizi ndizo zilizokuwa na meno. Zilikuja kila wiki, swali moja moja, kila swali na saa yake inayorudi nyuma, na alama zake zilikuwa ndizo za kukuvusha au kukutupa. Mimi nilikuwa nazifanyia kibandani. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, mkono mmoja una unga na mwingine unatafuta jibu.

"Mathe, chai mbili na madondo," dereva anaita, maharagwe ya mama yamemnukia.

"Wewe, hiyo chapati inaungua," mama ananiambia.

Na swali linaniuliza barafu kiasi fulani inahitaji joto gani ili iyeyuke yote. Nageuza chapati, nabonyeza jibu, na jibu linakuwa la mtu anayegeuza chapati.

Sasa mama yangu ni mtu ambaye ukimwambia unaenda kusoma, atakuuliza kwani mikono nayo inasoma. Udhuru aliokuwa akiukubali bila maswali ulikuwa mmoja tu. Kwa hiyo nikiona kwizi imekolea, nilikuwa nashika tumbo kidogo na kusema, "Mama, naenda choo." Nyuma ya choo nilikuwa nimeweka debe kuukuu nikaligeuza kiti. Huko hakuna anayekuita. Kuna migomba, kuna ndege, kuna Uganda inanitazama kwa utulivu. Maswali yaliyokuwa yananitoa jasho mbele, huko nyuma nilikuwa nayamaliza mapema nikabaki kutazama mto.

Mama aliona binti yake anaharisha kila wiki. Akaanza kunichemshia mwarobaini. Nilikunywa muhula mzima, uchungu hadi kwenye masikio, kwa sababu sikuwa na njia ya kukataa dawa bila kutaja ugonjwa.

Halafu ukaja ujumbe. Mfumo, kwa adabu yake ileile, ulinijulisha kwamba umebaini mwenendo usio wa kawaida katika akaunti yangu, na kwamba nitaitwa kwenye kikao kwa njia ya video. Kumbukumbu zao zilionyesha kwamba katikati ya kwizi moja mwanafunzi yuko Kenya, kisha yuko Uganda, kisha amerudi Kenya, bila hata muda wa kupanda bodaboda. Hayo wangeweza kuyasamehe. Walichoshindwa kusamehe ni kwamba yule wa Kenya alikuwa anakosa karibu kila swali, na yule wa Uganda alikuwa anapata. Wao wakaona picha yote: mimi ni mbumbumbu, na ng'ambo ya mto kuna mtu mwenye akili ninayemtumia nywila yangu. Kikao kikikubali hivyo, ningefukuzwa hapo hapo.

Niliumia sana. Niliogopa pia, maana nilijua mama ameshanitangaza kwa barabara nzima. Ila nitasema ukweli wa moyo wangu, kilichonichoma zaidi ni jinsi walivyomsifu yule wa Uganda. Waliandika kwamba anaonyesha uelewa mzuri wa dhana za msingi. Muhula mzima nilikuwa nimesubiri mtu aniandikie maneno hayo, na sasa ameandikiwa mtu asiyekuwepo.

Mama sikumwambia. Nilimwambia mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, wakala wa forodha, mtu mzima mwenye tai aliyezoea kuondoa mizigo iliyokwama mpakani. Alinisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kama aliyeletewa kontena lenye karatasi mbovu.

"Dada, hii yako ni transit," akasema. "Mzigo unapita Kenya, unaonekana Uganda, mwenye mzigo ni mmoja. Ni kitu ya kawaida sana. Shida ni mdomo. Hapa mpakani, mtu anayeongea sana ndiye anafunguliwa kontena. Wakikuuliza, wewe sema ndiyo, sema hapana, nyamaza."

"Na wakitaka maelezo?"

"Maelezo ni ya kesi kubwa. Wewe sema ndiyo, sema hapana."

Saa ya kikao nilichagua ile ambayo mama huenda sokoni kutafuta nyanya. Nikakaa kibandani, simu nikaiegemeza kwenye sufuria, na wakala akakaa ubavuni mwangu nje ya kamera, tai shingoni, tayari kunionyesha kidole gumba. Upande wa pili walikuwa watu watatu: mhadhiri wa somo, mama mmoja wa ofisi ya mitihani mwenye miwani, na fundi wa mfumo ambaye hakuwasha kamera hata kidogo, tukawa tunazungumza na herufi ndani ya duara. Walianza kwa Kiingereza cha siku ya mahafali.

Mhadhiri akaniuliza kama nilifanya kwizi nikiwa Kenya. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nilikuwa Uganda. Nikasema hapana. Akasema mfumo unaonyesha Uganda. Nikasema ndiyo. Kidole gumba kikapanda.

"Ndiyo nini? Ulikuwa Uganda?"

"Hapana."

"Kuna mtu mwingine alikuwa Uganda?"

"Hapana."

"Kwa hiyo majibu ya Uganda yalijibiwa na nani?"

Hilo halikuwa swali la ndiyo wala hapana. Nikamtazama wakala. Wakala akatazama paa la kibanda. Nikanyamaza kama nilivyofundishwa, na nikaona yule mama wa mitihani anavua miwani yake polepole, kama mtu aliyeona vya kutosha.

Ndipo ile herufi ndani ya duara ikasema, "Tusizunguke. Huyu anayejibu kutoka Kenya hajui kitu. Anayejua ni yule wa Uganda."

Mimi nina hasira za karibu, mama amenikanya tangu utotoni. "Huyo wa Kenya anapika chapati," nikasema.

Hata wakala aligeuza shingo.

"Huyo wa Kenya ana wateja wanne wanamwita, ana mafuta yanamrukia, na ana mama yake anamwambia geuza," nikaendelea, Kiingereza kimenitoka chote. "Nifuateni. Wewe usiye na uso, soma kwa sauti mfumo wako unaniona wapi."

Nikaibeba simu nikaanza kutembea. Nikawapitisha sebuleni, nikawapitisha mlango wa nyuma, na fundi akawa anasoma bila raha: "Kenya. Kenya. Bado Kenya." Wakapita chini ya kamba yenye suruali za wakala, naye akatukimbilia nyuma akijaribu kuziondoa kwanza. "Kenya," fundi akasema. Tukafika karibu na choo. Picha ikaganda, sauti ikakatika, nikajua simu inahama. Nikasimama nikangoja. Picha iliporudi, neno la kwanza nililosikia kutoka kwa fundi lilikuwa "Uganda", na la kwanza waliloona wao ni mlango wa choo chetu unafunguka na mama yangu anatoka, anajifunga leso kiunoni vizuri.

Alikuwa amerudi mapema kwa njia ya nyuma. Mfuko wa nyanya ulikuwa umekaa kwenye nyasi.

"Hawa ni kina nani unaleta chooni?" akaniuliza.

"Ni walimu wangu, mama."

Mama hajawahi kukosa adabu kwa walimu. Alijinyoosha, akafuta mikono kwenye leso, akainama kidogo mbele ya simu. "Karibuni walimu. Mtusamehe, ningejua mnakuja ningefagia."

"Asante mama," mhadhiri akasema. "Samahani sana mama." Mama wa mitihani alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Ni yeye aliyemweleza mama yangu, kwa Kiswahili, taratibu, kama mzazi kwa mzazi. "Mama, huyu binti akifanya mtihani akiwa kule mbele, anakosa. Akiwa huku nyuma, anapata. Simu inasema kule ni Kenya na huku ni Uganda. Sasa sisi tulifikiri ni watu wawili."

Mama akalifikiria hilo. "Huku nyuma si anakujanga juu ya tumbo?"

"Tumbo gani mama?"

Mama alinitazama mimi. Kisha akatazama nyuma ya choo, pale penye debe lililogeuzwa, na nyasi zilizolala mahali ambapo miguu yangu ilikuwa inakaa muhula mzima. Nilimwona akihesabu mwarobaini wake wote kichwani. Nikasubiri anifokee. Hakunifokea.

"Kwa hivyo anayemkosesha ni mimi," akasema.

Tangu mama atoke chooni nilikuwa nimejizuia kucheka, na sasa nikawa najizuia kulia, na kujizuia kulia ni kazi ngumu zaidi.

Mhadhiri akakohoa. Akasema kikao kimeridhika kwamba mwanafunzi ni mmoja, ila alama za kwizi zile haziwezi kubaki. Nitafanya kwizi moja kubwa badala ya zote, nayo ndiyo itakayoamua kama naendelea au nafunga virago. Na sharti ni moja, niifanye nimekaa mahali pamoja, ndani ya Kenya.

"Mwalimu," mama akasema, "na hapa tuko wapi?"

"Kwa mfumo wetu mama, hapo uliposimama ni Uganda."

Mama aligeuka akakitazama choo chake. "Hii choo afisa ya afya ya kaunti alikuja kukagua," akasema. "Alisimama hapa hapa na viatu yake. Alivuka bila pasi?"

Mhadhiri alisema hapana, bila shaka hakuvuka. Aliomba radhi mara nyingine. Wakala alikuwa amefika na suruali zake begani, akaninong'oneza, "Usibishane tena, mzigo umetoka."

Siku ya kwizi ile kubwa, mama aliniomba simu asubuhi. Alichomoa pini kwenye leso yake, akafungua kile kijidroo cha laini kama aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, akatoa laini ya Uganda na kuifunga fundo kwenye pembe ya leso, pale anapofungia sarafu. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Akamwagia maji makaa, akafunika sufuria zote kifudifudi, akaweka kigoda mlangoni na kukaa, mgongo kwangu, uso barabarani. Huyu ni mwanamke aliyepika akiwa na malaria. Foleni ya malori siku hiyo ilikuwa inaanzia kwetu na mwisho wake hauonekani, na kila lori lilikuwa na watu wenye njaa.

Wa kwanza kuja alikuwa dereva wa siku zote, yule wa chai mbili. Mama akajiwekea kidole mdomoni.

"Mathe, kuna nini? Kuna matanga?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kuna kwizi."

Dereva akachungulia, akaniona ndani na simu yangu, akarudi nyuma kwa ncha za vidole. Nilimsikia akimwambia mwenzake. Mwenzake akamwambia tanboi wake, yule msaidizi wa lori. Baada ya muda lori lililokuwa likinguruma mbele ya kibanda likazimwa injini, na la nyuma yake nalo likazimwa. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikasikia ndege wa upande wa mbele wa nyumba yetu.

Maswali yalikuja moja moja na saa zao. Barafu ikaja, nikaiyeyusha. Vyombo vya moto na vya baridi vikakutanishwa, nikasema joto litatoka wapi liende wapi na litaishia wapi. Katikati likaja swali moja refu lenye mikunjo, na miguu yangu, kwa mazoea yake, ikasimama yenyewe kuelekea mlango wa nyuma.

"Kaa," mama akasema bila kugeuka.

"Mama, mara hii ni choo kweli."

"Shika."

Nikashika. Nikalisoma swali tena, polepole, kama ninavyosoma nikiwa kwenye debe langu. Kumbe halikuwa gumu. Lilikuwa linataka tu mtu asiyeitwa.

Swali la mwisho likaisha, mfumo ukazungusha kiduara chake, ukazungusha, halafu ukanipigia makofi ya mikono ya kuchorwa na kunivisha taji la karatasi. Nilikuwa nimepita, na kwa alama ambazo yule wa Uganda mwenyewe angezionea wivu. Nilitaka kupiga kelele, machozi yakatangulia, nikayaacha.

Mama alikuwa bado amenipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni, na mkono wake ulikuwa umelishika lile fundo la leso.

"Wa Kenya amepata?" akauliza.

"Amepata, mama."

Hakugeuka. Alipangusa uso na pembe ile ile ya leso, kisha akaifungua na kuninyooshea laini yangu ya Uganda kupitia nyuma ya bega.

"Basi washa jiko," akasema. "Watu wana njaa."